Mashua ya "African Queen" na bei ya kitu cha zamani: somo kwa sisi Boyomais

Ndugu wahitimu, ndugu wanafunzi, leo tuanze historia kwa mlango wa soko.

Tuseme baba yako mkubwa ana Kombi ya Volkswagen ya miaka ya 1970, imesimama nyuma ya nyumba pale Makiso. Si Kombi ya kubeba watu. Ni ile ya kulala ndani: kitanda cha kukunja, kabati la mbao, jiko dogo, na paa ambalo fundi alilikata na kuliinua ili mtu aweze kusimama. Motere iliyomo siyo ile iliyotoka nayo kiwandani. Siku moja anafika mnunuzi, anaizunguka mara moja, anagonga bati kwa ngumi, anasema: "Papa, nitakupa bei ya chuma." Kesho yake anafika mwingine. Huyu analala chini ya gari, anatafuta namba ya chasi, anauliza ni fundi gani alikata paa, mwaka gani, na motere ya kwanza ilienda wapi. Kati ya hawa wawili, nani ataifanya ile Kombi iendelee kuishi? Na mzee wetu anapaswa kuwa na nini mkononi ili asiuze kwa hasara?

Kombi ya baba mkubwa ni mfano tu, lakini magari ya namna hiyo yalipita hapa kweli. Miaka ya 1970 na 1980, wasafiri waliokuwa wakivuka Afrika kwa malori na magari ya kulala ndani walitoka Bangassou, wakapita Buta, wakafika Kisangani na kupiga hema kwenye uwanja wa hoteli Olympia, kisha wakashika njia ya Epulu na Beni. Basi swali si la Wazungu peke yao. Ili kulijibu, nitachukua chombo kingine kilichobadilishwa mara nyingi na kuuzwa mara nyingi, ambacho safari yake ya kutoka mkono huu kwenda mkono ule inajulikana. Tena jina lake lilitengenezwa hapa kwetu Tshopo. Ni mashua ya African Queen.

1951: Filamu yafika mlangoni petu

Wengi wetu tulipita Lubunga, tukaona reli ya kwenda Ubundu, hatukujiuliza neno. Reli hiyo, kilomita 125, ilifunguliwa mwaka 1906 na kampuni ya CFL. Ilijengwa juu ya maporomoko ya Boyoma: bato haliwezi kupita pale, kwa hiyo mizigo ilishushwa Stanleyville, ikapanda treni, ikarudishwa majini Ponthierville. Stanleyville ni Kisangani ya leo, na Ponthierville ndiyo Ubundu.

Mwaka 1951 watu wa sinema walifuata njia hiyo hiyo. Mwongozaji alikuwa John Huston, Mmarekani. Wachezaji wakubwa walikuwa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Mpiga picha alikuwa Jack Cardiff, Mwingereza. Walikuja kutengeneza filamu kutoka kwa riwaya ya C. S. Forester iliyochapishwa mwaka 1935. Ni hadithi ya vita vya kwanza vya dunia: fundi mmoja wa mashua ya mvuke na dada wa mmisionari wanateremka mto kwa mashua kuukuu, wanataka kwenda kuzamisha meli ya vita ya Wajerumani iliyo ziwani. Mashua hiyo ndiyo African Queen.

Huston alitaka mto wa kweli na msitu wa kweli. Akaupata mto Ruiki, unaoingia Lualaba karibu na Ubundu, na kambi ikajengwa mahali panapoitwa Biondo. Waliojenga ile kambi ni watu wa hapa, kwa miti na majani ya hapa. Wageni wengi waliugua tumbo vibaya kwa sababu ya maji. Bogart na Huston walipenda kutamba kwamba wao hawakuugua kwa sababu walikunywa wiski tu.

Sasa shika jambo hili, litatusaidia kwenye sehemu ya kuuza. Mashua yenyewe ilikuwa ndogo mno kwa kazi ya kamera. Kwa hiyo walifunga msafara wa vyelezo mtoni: kimoja kilibeba mfano wa mashua ili kamera na taa zipate nafasi, kingine kilibeba vifaa, kingine jenereta, na kingine kilikuwa chumba cha Hepburn cha kubadilishia nguo. Baada ya Kongo, kundi likaenda Uganda kupiga picha nyingine, na sehemu za majini zilizokuwa hatari zikamaliziwa studio huko London. Maana yake, unapoona African Queen kwenye kioo unaona kitu kimoja, lakini nyuma ya kioo palikuwa na zaidi ya mashua moja.

Bogart alipata Oscar yake ya pekee kwa filamu hiyo. Jina la mashua likazunguka dunia. Ubundu ikabaki pale pale.

Livingstone: chombo cha kazi

Mashua inayojulikana zaidi kati ya zile za filamu haikuzaliwa kuwa nyota. Ilijengwa mwaka 1912 huko Lytham, Uingereza, ikaletwa kufanya kazi kwa shirika la reli la Waingereza wa Afrika Mashariki. Jina lake la kwanza lilikuwa Livingstone. Urefu wake ni futi 30, yaani kama mita 9: ndogo kuliko baleinière nyingi tunazoona kwenye beach zetu. Iliendeshwa kwa mvuke. Ilibeba mizigo, wamisionari na wawindaji kwenye Nile na ziwa Albert, lile ambalo ng'ambo yake moja ni Ituri yetu. Filamu ilipoisha haikuwekwa kwenye kioo cha makumbusho. Ilirudi kazini mpaka mwaka 1968.

Ndipo mauzo yanaanza.

Mwaka 1968 mashua ilikuwa imechoka. Kwa mtu wa kawaida ilikuwa chuma cha zamani tu. Aliyeinunua alikuwa mkazi wa San Francisco, Marekani, ambaye aliona ndani yake kitu ambacho waliomuuzia hawakukihesabu: ile hadithi. Kutoka kwake ikaenda kwa mtu wa Oregon, kisha ikashuka mpaka Florida. Wakati fulani bahati yake iliisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilikuwa imekaa kwenye malisho ya mifugo huko Ocala, mbali na maji, inakula kutu.

Mwaka 1982 akatokea mwanasheria wa Kentucky, Jim Hendricks. Inasemekana alilipa dola 65,000. Ebu fikiri: dola elfu sitini na tano kwa mashua ya mita tisa, yenye kutu, iliyoko kwenye nyasi! Mtu wa soko angemcheka. Lakini Hendricks alikuwa mpenzi wa kweli. Aliitengeneza, akairudisha majini, akaiweka Key Largo, kusini mwa Florida. Hapo napo hapakuwa bure: mwaka 1948 Huston na Bogart walikuwa wametengeneza filamu nyingine yenye jina la mji huo huo, Key Largo. Mnunuzi alijua historia, akaipeleka mashua mahali ambapo historia ingeipa kazi mpya.

Mwaka 1992 Marekani iliiandika kwenye orodha yake ya kitaifa ya mali za kihistoria. Mwaka 2012, mashua ikitimiza miaka 100, ilifanyiwa matengenezo makubwa, na boila, yaani chungu cha chuma kinachochemsha maji ya mvuke, kikabadilishwa. Leo watalii wanalipa kupanda. Kwenye filamu African Queen inavunjika ziwani, mwisho wa hadithi. Kumbe mashua yenyewe bado inafanya kazi, tena bahari nyingine kabisa.

Tena si peke yake. Uganda kuna mashua nyingine inayohusishwa na filamu hiyo. Nayo ilikutwa imebaki gofu, ikatengenezwa upya, ikarudi kwenye maji ya Nile.

Swali la kwanza la mnunuzi: "Ni yenyewe?"

Hapo ndipo faida ya ule msafara wa vyelezo inaonekana. Kama filamu ilitumia zaidi ya mashua moja, mtu anayeuza "African Queen" anauza ipi? Iliyoonekana kwenye tukio gani? Maji ya Uganda ama maji ya Ruiki? Neno "ni yenyewe" ni rahisi kulitamka, lakini bei yote imesimama juu yake. Chuma ni kile kile, futi 30 ni zile zile. Kinachotofautisha bei ya kilo na dola 65,000 ni mnyororo wa ushahidi: nani alikuwa nayo, kutoka mwaka gani mpaka mwaka gani, nani alimpa nani, karatasi iko wapi, picha iko wapi.

Mnyororo ule ukikatika mahali pamoja tu, mnunuzi mwenye akili anapunguza bei. Na ana haki.

Swali la pili: "Mulibadilisha nini?"

Wapenzi wa vitu vya zamani wanabishana sana hapa. Wengine wanasema chombo kilichobadilishwa kimepoteza utu wake. Kwenye masomo ya filozofia tulisikia ile ya meli ya Theseus: ukibadilisha ubao mmoja mmoja mpaka mbao zote ziwe mpya, bado ni meli ile ile?

Afrika yetu iko na jibu la vitendo, na jibu hilo linaelea ziwa Tanganyika. Ile meli ya Wajerumani katika riwaya ya Forester ilitokana na meli ya kweli, Graf von Götzen. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikaletwa Dar es Salaam, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaunganishwa na kuingia majini mwaka 1915. Waingereza walijibu kwa kuleta mashua mbili ndogo za motere, Mimi na Toutou. Hizo zilipita Kongo: treni mpaka Fungurume, zikavutwa juu ya milima ya Mitumba kwa matrakta ya mvuke na ng'ombe, zikateremka Lualaba toka Bukama mpaka Kabalo, zikapanda treni tena mpaka pale Kalemie. Lualaba, ndugu zangu! Mto huu huu unaopita Ubundu na kufika kwetu.

Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe, lakini mafundi wao walipaka mashini grisi kwanza, wakitumaini kuirudia. Hawakurudi. Waingereza waliitoa majini mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya, Liemba. Miaka ya 1970 mashini zake za mvuke ziliondolewa, zikawekwa za dizeli. Imebadilishwa jina, bendera, na motere. Je, iliacha kuwa meli ile? Watu wa Kigoma waliopanda Liemba miaka na miaka hawakuuliza. Kubadilishwa ndiko kulikoiweka hai. Kama wangeng'ang'ania mvuke wa mwaka 1915, labda leo ingekuwa chuma chini ya maji.

Kwa hiyo mabadiliko siyo dhambi. Dhambi ni kuyaficha. Kombi yenye paa lililoinuliwa na fundi wa Mangobo inaweza kuwa na thamani kubwa kuliko ile iliyobaki sawa na kiwandani, kwa sababu hakuna nyingine kama hiyo. Lakini ni mpaka muuzaji aseme wazi: paa lilikatwa mwaka huu, motere imetoka kwenye gari lile, hapa bati limeunganishwa. Mnunuzi mpenzi anasamehe kutu. Uongo hasamehi, juu ya ataugundua siku ya kwanza akilala chini ya gari.

Swali la tatu: "Hadithi ya upande wa pili iko wapi?"

Hapa ndipo mimi ninaumia kidogo, na ndiyo sababu ya kuandika.

Kuna kisa kinachosimuliwa mara nyingi kuhusu kambi ya Biondo. Usiku mmoja mashua ilizama mtoni. Wageni walikuwa wameacha vijana wa hapa wailinde, wakawaambia "muiangalie." Asubuhi, kisa kinasema, vijana wakajibu kwamba waliiangalia kweli: waliiangalia ikizama. Wazungu wakacheka, na kisa kikarudiwa miaka yote mpaka leo.

Mwanafunzi wa historia asicheke haraka. Nani anasimulia? Upande mmoja tu. Hepburn aliandika kitabu kizima juu ya ile safari, kikatoka mwaka 1987. Huston alisimulia, Cardiff alisimulia. Yule kijana wa Ruiki aliyesimama gizani kando ya mashua aliyopewa kulinda, bila chombo cha kumwaga maji, na amri aliyoipata katika lugha isiyokuwa yake, yeye alisema nini? Labda aliita na hakuna aliyeamka. Labda alicheka yeye naye. Simulizi lake halikuandikwa, na majina ya waliojenga kambi hayakukaa kwenye filamu pamoja na ya nyota.

Matokeo yake yanaonekana mpaka kwenye bei. Hadithi inayouza tiketi Key Largo ni hadithi ya Bogart na Hepburn. Sehemu ya Ubundu imekuwa "mahali fulani Kongo". Sisi tulitoa mto, msitu, mikono, na tukabaki bila hata karatasi moja ya kumwonyesha mtalii: hapa ndipo ilipofungwa. Aliye na karatasi ndiye anayeuza hadithi. Sisi wengine tunasimulia tu jioni.

Basi tufanye nini?

Sitaki tumalize kwa kulia. Kisangani bado tuko na vitu. Kuna mabehewa na vyuma vya reli upande wa Lubunga. Kuna maboti ya zamani yaliyolala kwenye bandari na kwenye beach. Kuna malori ambayo mafundi wetu waliyafanyia mambo ambayo kiwanda hakikuyawaza. Kuna hata toleka za kwanza, baiskeli zilizoongezwa kiti cha nyuma na vyuma vya kukanyagia, ambazo zililisha familia nyingi wakati wa vita. Siku moja moja, vitu hivi vinauzwa kwa kilo.

Sisemi visiuzwe. Mwenye mali ana njaa, na chuma hakiliwi. Nasema hivi: kabla mnunuzi wa kilo hajafika, mjukuu wa mwenye mali, mwenye diploma na telefone yenye kamera, awe amefika. Kazi yenyewe ni ya mchana mmoja. Andika namba iliyopigwa kwenye chuma. Piga picha pande nne, halafu picha ya kila mahali palipobadilishwa. Muulize mzee: ulikipata kwa nani, mwaka gani, nani fundi, kilifanya kazi gani, nani mwingine anakumbuka? Andika majibu kwa tarehe, na majina ya mafundi wote. Tunza karte roze na kila risiti, hata iliyochanika. Pale mzee asipokumbuka, andika "hakumbuki." Usijaze kwa mawazo yako, kwani pengo lililoandikwa wazi linaaminika kuliko hadithi tamu isiyo na mguu.

Ukiwa na faili hiyo, mambo mawili yanatokea. La kwanza, mzee anaweza kungoja. Livingstone ingeuzwa kwa kilo mwaka 1968, kama hapangekuwa na mtu aliyejua ni ipi. La pili, hata kikiuzwa na kwenda mbali, hadithi haiendi yote. Nakala inabaki kwenu, na jina la fundi wa Mangobo linasafiri pamoja na chuma chake, halipotei njiani kama la yule kijana wa Ruiki.

Na mnunuzi umchague. Najua hili ni gumu kwa tumbo tupu. Lakini Hendricks hakuwa mtu wa kwanza kupita karibu na ile mashua ya Ocala. Wengi waliipita, wakaona nyasi na kutu. Yeye aliuliza maswali kwanza, akalipa baadaye, akatengeneza. Akija mtu anayeuliza sana kabla ya kutaja bei, mpe kiti, mpe maji. Huyo hajaja kukupotezea wakati. Amekuja kuona kama wewe nawe unakijua unachouza.

Mwisho, ombi moja. Nani kati yetu ana babu, nyanya, ama jirani wa Ubundu aliyekuwa mtoto mwaka 1951? Hesabu mwenyewe: aliyekuwa na miaka kumi wakati ule sasa amepita themanini. Hawa wanaondoka kila mwaka. Kama yupo, weekend hii usiende kwenye muziki. Kaa naye chini, washa telefone, muulize: ile mashua ya Wazungu pale Ruiki, usiku ule ilipozama, nyinyi mulisema nini?